Mama Aliyeitwa Dada

Choi Fong aliuchagua mkahawa mwenyewe, akaichagua meza mwenyewe, na walioalikwa akawapitisha mmoja mmoja, maana kisasi hakitaki papara. Kaka yake Kwok Weng alipompigia simu kuuliza sherehe ya mama ya kutimiza miaka themanini waifanyie wapi, alimjibu, "Niachie mimi. Wewe njoo na tumbo lako tu." Weng akashukuru sana. Mvivu humshukuru yeyote anayempunguzia kazi, hata kama mtu huyo anachimba shimo.

Weng alikuwa na wazo la hoteli, chumba maalumu ghorofa ya tatu, kiyoyozi na mlango wa kioo. Fong akakataa katakata. Chumba chenye mlango hufungwa, na aibu ikifungiwa ndani haina kazi. Alitaka Sun Fook, nyuma ya soko la mji wa Ipoh, mkahawa wa viti vyekundu vya plastiki na mafeni ya dari, ambako Jumapili jioni nusu ya mtaa hujazana na moto wa jikoni huunguruma mpaka watu wanaongea kwa kupaza sauti. Ukikohoa Sun Fook saa kumi na mbili, saa moja mtaa mzima umeshajua una pumu.

Sasa hilo neno "mama" ndilo lenye donda. Katika nyumba ya marehemu mzee Leong lilikuwa neno la mtu mmoja tu, mke mkubwa, Wong Sau Heng, aliyemzaa Kwok Weng. Kila mtu alimwita Bi Mkubwa nyuma ya mgongo na Mama mbele ya uso. Fong hakuzaliwa na huyo. Fong alizaliwa na Lai Ngan, mke wa pili, binti wa wachimba bati wa Gopeng, aliyeingia nyumba ile na sanduku moja akiwa bado msichana. Na sheria ya Bi Mkubwa ilikuwa fupi: mtoto wa mke mdogo ni mtoto wa mke mkubwa. Mtoto atamwita Bi Mkubwa "Mama", na yule aliyemzaa atamwita "Dada", kama anavyoitwa mfanyakazi wa jikoni. Nyumba nyingi za zamani zilifanya hivyo, na nyingi ziliacha zenyewe watoto walipokua. Bi Mkubwa hakuacha.

Fong alikuwa na miaka sita alipoivunja sheria hiyo. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule, akawaona wenzake wakichukuliwa langoni na wanawake waliofanana nao, kila mmoja akimwita wake "Mama". Jioni ile mezani ikafika zamu yake ya kuwaita wakubwa. Maana kwao mdogo hanyanyui vijiti vya kulia kabla hajawaita wakubwa wake kwa vyeo vyao, mmoja mmoja: Baba, kula, Mama, kula, Shangazi, kula. Mkubwa akiitika "Ee", umeruhusiwa. Ukimruka mtu umemtukana, na ukimwita kwa cheo kisicho chake umemtukana zaidi. Mtoto Fong akamgeukia Ngan, akasema kwa furaha yake yote, "Mama, kula."

Bi Mkubwa hakumpiga. Afadhali angempiga. Aliinuka, akalichukua bakuli la wali la Ngan, akalipeleka jikoni, akalitua kando ya beseni la nguo chafu, na Ngan akala huko amesimama, mwezi mzima. Kila jioni kabla ya chakula Fong alipelekwa mpaka mlango wa jikoni, akasimama wima, akasema, "Dada, kula." Na Ngan, mgongo umeegemea ukuta, akaitika, "Ee." Mzee Leong alikuwepo mezani muda wote huo, anasoma gazeti. Alipokuja kufa, Fong alimlilia kidogo, akajifuta, akaenda kazini.

Tangu mwezi ule, kwa Ngan, aliliweka lile neno. Hakulitupa, jamani, aliliweka. Alikua, akasoma, akawa fundi wa meno ya bandia mwenye chumba chake cha kazi, akanunua nyumba yake ng'ambo ya mto. Hata wakiwa wawili tu, yeye na Ngan wanachambua mboga kwenye ngazi za nyuma, hakulitoa. Kulisema pembeni kwa kunong'ona aliona ni sawa na kukiri kwamba Bi Mkubwa ameshinda. Siku litakapotoka litatoka mbele ya Bi Mkubwa, mbele ya watu, na litamkaa kooni kama mwiba wa samaki. "Dada Ngan," aliendelea kumwita, na moyoni akinoa.

Miaka thelathini na minane alinoa. Katikati hapo Bi Mkubwa aling'oka meno, na aliyemtengenezea mengine, juu na chini, alikuwa Fong. Watu walipomsifu bibi kizee kwa tabasamu zuri, Fong alijichekea. Meno anayomsagia mama yangu, alijiambia, nimemchongea mwenyewe.

Jumapili hiyo walifika wote kwa wakati. Bi Mkubwa alikuwa na blauzi nyekundu ya hariri na bangili ya jiwe la kijani, akaketishwa mahali pa heshima, uso kuelekea mlangoni. Kulia kwake alikaa wifi yake, Shangazi Kiu, dada wa marehemu, mwanamke mfupi wa miaka sabini na saba, kiziwi wa sikio moja na mkali wa ulimi. Huyo ndiye mtu pekee ambaye Bi Mkubwa alimwogopa, na ndiyo sababu Fong alikwenda kumchukua mwenyewe kwa gari kutoka Kampar. Kushoto walikaa wanawake watatu wa kucheza nao majong, mchezo wa vigae, kila Jumatano, wakiongozwa na Bi Thong. Hao nao Fong aliwaalika kwa makusudi. Weng, mkewe Pooi Leng na binti yao Hui Xin wa miaka kumi na miwili walifuata. Kiti cha mwisho, kile ambacho sahani zote hupitia begani mwa mtu, kilikuwa cha Ngan.

Ngan alikuwa amevaa blauzi ya rangi ya majivu. Fong aliitazama, damu ikamchemka.

"Ile nyekundu niliyokununulia iko wapi, Dada Ngan?"

"Ipo kabatini. Bi Mkubwa kasema nyekundu leo ni ya mwenye siku yake."

"Si kasema kweli?" Pooi Leng akaingilia, huku akisuuza bakuli na vijiti kwa chai ya moto, kama desturi kabla ya kula. "Sherehe si yake."

 Fong alijiambia, ngoja, wifi, ngoja, maji yako yako motoni.

"Weng, huu ni mkahawa au gereji?" Bi Mkubwa aliuliza, akilipangusa tandiko la plastiki la meza kwa ncha ya kidole.

"Fong ndiye aliyechagua, Mama."

"Najua aliyechagua. Mtu huchagua anachokijua."

"Mimi nimefurahi," Shangazi Kiu akasema. "Hotelini wanakuletea sahani kama gurudumu, katikati chakula cha paka. Hapa mtu anakula."

"Wewe hata ukipewa mavumbi utasema yana chumvi nzuri."

"Nikiyapata kwako, Heng, nitayala vipi? Hujawahi kunipa hata hayo."

Wanawake wa majong wakacheka, na Bi Mkubwa naye akacheka ili asionekane amechomwa. Bi Moy, mwenye mkahawa, akaja na penseli sikioni ambayo hakuna aliyewahi kumwona akiitumia. Akazitaja sahani zote kwa kichwa: kamba wa mvuke, samaki, bata, tofu, mchicha wa vitunguu saumu, mikate ya umbo la pichi, na tambi ndefu za kumtakia mzee umri.

"Tambi nilete lini?"

"Mwisho kabisa," Fong akajibu.

Kamba wakaja kwanza, wakubwa, wekundu, wanatoa moshi. Hakuna aliyemwambia Ngan kitu. Aliivuta sahani kwake, akaanza kumenya, kichwa chini, ganda huku nyama huku, akilijaza bakuli dogo la Bi Mkubwa, maana Bi Mkubwa hagusi ganda la kamba. Vidole vyake vilikuwa vimevimba viungo. Huyu ni mwanamke wa miaka sitini na sita anayefua, anayepika na kumkanda miguu mwanamke mwingine, na Fong alipomwomba ahamie kwake ng'ambo ya mto alijibiwa, "Nani atampikia?" Fong aliondoka siku hiyo ana hasira na Bi Mkubwa mara mbili.

"Haya, tuite tule," Weng akasema. "Hui Xin, anza."

Msichana akanyoosha mgongo. "Bibi, kula. Bibi Kiu, kula." Akawapitia wanawake wa majong, akamwita baba yake, mama yake, Shangazi Fong. Halafu, haraka haraka, kama mtu anayefunga mlango akitoka, "Dada Ngan, kula."

"Ee," Ngan akaitika bila kuinua kichwa.

Mjukuu wa miaka kumi na miwili anamwita bibi kizee "Dada", na meza nzima imetulia kama maji mtungini. Vizazi vitatu.  Fong alitaka mambo mawili tu duniani: Bi Mkubwa asikie, na mama yake aitikie. Hakutaka zaidi ya hapo.

Akaweka mikono mapajani, akamgeukia yule mwanamke wa blauzi ya majivu, akasema kwa sauti iliyoshiba:

"Mama, kula."

"Ee, kula," akaitika Bi Mkubwa, na akaushika mdomo wa bakuli lake.

Ngan aliendelea kumenya kamba. Weng alikuwa ameshanyanyua vijiti. Hakuna aliyeshituka, hakuna aliyegeuka, kwa sababu neno lile mezani pale lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ameitika. Miaka thelathini na minane, na limepita kama chumvi inavyopitishwa. Fong alihisi uso unamwaka moto. Basi kama ni hivyo, alijiambia, nitamtafunia.

"Sikukuita wewe," akasema.

Bi Mkubwa akamtazama. "Unasemaje?"

"Nasema sikukuita wewe. Nimemwita mama yangu. Mama yangu ni yule pale anayekumenyea kamba." Kisha, taratibu, akimtazama machoni, akamwongezea chake. "Shangazi Heng, kula na wewe."

Vijiti vya Weng vikarudi mezani. Meza ya jirani, familia ya muuza matairi, ikaacha kutafuna.

"Fong, wewe vipi?" Weng akanong'ona. "Leo ni siku ya kuzaliwa ya mama."

"Ya mama yako. Hongera."

"Umelewa?"

"Nimekunywa chai, Weng. Hata wewe umeona."

Bi Mkubwa hakupandisha sauti. Hajaishi miaka themanini kwa kupandisha sauti. Alijipangusa mdomo kwa karatasi, akaikunja, akaiweka. "Ngan," akasema, "huyu amesahau. Mwambie unaitwa nani."

Ngan alikuwa ameshika kamba nusu amemenywa. Alimweka kwenye sahani, akaanza kujifuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja.

"Ngan. Nasema na wewe. Mwambie hapa mbele ya watu, unaitwa nani?"

 Ngan akamaliza mkono wa kulia, akaanza wa kushoto. Fong hajawahi katika maisha yake kuona Bi Mkubwa akingojeshwa, na mtamu ulioje ule ungojaji. Shingo ya bibi kizee ikaanza kuwa nyekundu kutokea kwenye kola ya hariri. Kwa mara ya kwanza sauti ikampanda.

"We mwanamke huna masikio? Mtie adabu mtoto wako."

Likamtoka hivyo hivyo, bila kupigwa wala kubembelezwa. Mtoto wako. Miaka arobaini na minne alilizuia, akalizuia kwa majirani, kwa walimu, kwenye mazishi ya mumewe, na leo hasira imelisukuma nje kwa meno aliyochonga Fong.

Shangazi Kiu akamgeuzia sikio zima. "Rudia hapo, Heng. Upande ule sisikii vizuri. Umesema mtoto wa nani?"

Bi Mkubwa akafunga mdomo.

"Nimeuliza tu. Nilidhani nimesikia vibaya. Maana kaka yangu alikupa mtoto ukae naye, hakukupa na tumbo la mwenzio."

"Lo," akasema Bi Thong wa majong, na huyu hakuwa na ubaya wowote, alikuwa mshangao mtupu. "Kumbe si wako, Heng? Mbona ulitusimulia uchungu wake? Siku mbili, mvua inanyesha, mkunga kakwama Gopeng, nusura ufe."

Wale wenzake wawili wakatikisa kichwa kwamba ndiyo, hata wao walisimuliwa, tena mara nyingi.

"Mvua ilinyesha kweli, Bi Thong," Fong akasema. "Na mkunga alikwama kweli. Ila aliyekuwa anapiga kelele siku hizo mbili ni mama yangu. Huyu alikuwa chumba cha pili, amelala."

Kuna watu wakiaibika hupiga kelele, na kuna wanaonywea. Bi Mkubwa alinywea. Mabega yalishuka ndani ya ile hariri, mkono ukatafuta fimbo ukaikosa, ukaipata. Kwenye meza ya muuza matairi mtu alicheka kisha akajifanya anakohoa. Fong alimtazama bibi kizee bila kupepesa. Hakumhurumia hata kidogo, na msimulizi wenu hatamtia huruma ambayo hakuwa nayo.

"Weng, nipeleke nyumbani."

"Mama, chakula hata hatuja…"

"Nipeleke nyumbani."

Weng akainuka, akamshika mkono mama yake, na alipopita nyuma ya kiti cha Fong akainama. "Umefurahi sasa?"

"Sana."

"Mtu mzima na akili zako. Umekaa miaka yote hiyo uje kumdhalilisha kikongwe."

"Kikongwe alipokuwa na nguvu zake mimi nilikuwa na miaka sita," Fong akamjibu. "Wewe ulikuwa na kumi na tano. Ulikula wali wako ukamaliza."

Weng akaenda. Pooi Leng akaokota pochi, akamvuta Hui Xin, na yule msichana akawa anageuka nyuma. "Sasa Dada Ngan mimi nimwite nani?" aliuliza. Mama yake akamwambia atembee. Wanawake wa majong nao wakakumbuka kila mmoja ameacha kitu jikoni, wakaaga. Habari mbichi haikai mdomoni. Shangazi Kiu alibaki kidogo, akala kamba wawili, akajifuta.

"Naenda kumwangalia asije akaanguka pale barabarani," akasema. "Nimemchukia muda mrefu, lakini wifi ni wifi." Akampiga Ngan begani mara mbili, akatoka akichechemea.

Ndipo Bi Moy akatokea jikoni na sahani kubwa ya tambi za umri mrefu, nzima, hazijakatwa, zinanukia mafuta ya ufuta. Akavitazama viti vitupu.

"Mwenye siku yake yuko wapi? Hizi niziweke wapi?"

"Weka mbele ya mama yangu," Fong akasema, na alisema kwa sauti ya kufika mpaka kwenye tangi la samaki mlangoni.

Bi Moy akaziweka mbele ya Ngan, akaenda zake. Vita vya wateja si vita vyake. Na hapo roho ya Fong ikasuuzika kabisa. Amemvua Bi Mkubwa cheo, amemvua mtoto, na sasa amemvua hata tambi za siku yake ya kuzaliwa. Akavuta kiti mpaka karibu na mama yake, akamsogezea bakuli, akamchagulia vijiti vizuri.  Kilikuwa kimesalia kitu kimoja tu, na sasa ndiyo akagundua kwamba kimesalia: mama yake hakuwa ameitika.

"Umesikia nilivyokuita?" akamwuliza.

"Nimesikia. Mkahawa mzima umesikia."

"Hukuitika."

Ngan aliutazama moshi wa tambi. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtia Fong wasiwasi. "Hukuniita mimi," akasema.

"Mbona nilikuwa nakutazama wewe?"

"Macho yalikuwa kwangu. Sikio ulilokuwa unalitafuta ni lake."

"Nilitaka asikie. Baada ya yale aliyokufanyia, nilitaka asikie mbele ya watu wake."

"Na amesikia. Umemkomesha, sikatai, na mimi pia nimefurahi, sitakudanganya. Nimeona shingo yake ilivyobadilika rangi, nikasema moyoni, na ionje." Ngan akavichukua vile vijiti. "Lakini mwaka jana waliponipasua jicho, Fong, unakumbuka? Nimefungwa macho yote mawili, nimelala, umenishika mkono. Tulikuwa wawili tu. Nilikusikia umevuta pumzi. Nikajua, sasa analisema. Nikangoja. Nilingoja mpaka daktari akaingia."

Fong alikumbuka. Lilikuwa limefika kwenye ulimi kabisa, na akalirudisha. Alijiambia siku hiyo, nikilisema hapa nani atasikia?

"Na kule kwako kwenye ngazi za nyuma," Ngan akaendelea, "tukichambua mboga. Bi Mkubwa yuko ng'ambo ya mto, hajui hata tuko wapi. Nilikuwa najiambia, huyu kamwogopa mno, masikini mtoto, ipo siku atazoea. Kumbe hukuogopa. Ulikuwa unamwekea yeye."

"Nilikuwa nakuwekea wewe."

"Hapana, mwanangu. Mimi nilikuwepo kila siku."

  Meza ya muuza matairi ilikuwa imesharudi kwenye bata wake, watoto wao wanagombania paja, na mlangoni Weng alikuwa ameshamwingiza mama yake garini. Ile furaha aliyokuwa nayo Fong dakika tano zilizopita ilikuwa bado ipo, lakini haikuwa na mahali pa kukaa.

Ngan akaugeuza mwili wake wote kumwelekea binti yake. Akaipapasa kola ya ile blauzi ya majivu, akainyoosha. "Haya," akasema. "Ameshaondoka. Hapa hakuna wa kumwonyesha. Niite sasa, mimi mwenyewe. Nitaitika."

Ni jambo dogo namna gani. Silabi mbili, mtoto wa miezi kumi anaziweza. Fong akafungua mdomo. Macho yake, bila yeye kuyatuma, yakakimbilia kwenye kile kiti kinachotazama mlango, yakakuta ni kitupu, yakarudi. Aliona aibu kama ya mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Alilisikia neno kifuani, alijua liko wapi, lakini halikuwa na pa kushika. Tangu utotoni hakuwahi kumwita mama yake kwa neno hilo bila mtu wa kumchoma nalo. Mama yake alikuwa anangoja, vijiti mkononi, kichwa amekiinamisha upande kidogo ili asikie vizuri, na dakika zikawa zinakwenda.

"Dada Ngan," kinywa kikasema chenyewe, "kula."

Macho ya Ngan yakakaa usoni mwa binti yake muda mrefu.

"Ee," akaitika, kama alivyoitika jioni zote zile, akainamia bakuli, akaanza kula.